Porti za USB za kushoto hazisomi kitu, ya kulia inasoma flashi lakini inakataa hadi diski (hard disk) ya nje

mpakato_15

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoyajua vizuri mambo ya USB.

Laptopu ina porti 3, mbili kushoto na moja kulia, na inatumia Windows 10. Hali iko hivi:

Kushoto hakuna kinachosoma. Nikichomeka mausi, taa yake nyekundu inawaka ila mshale hausogei. Nikichomeka flashi, Windows inasema kifaa hakitambuliki, na kwenye Device Manager linatokea jina "Unknown USB Device" lenye alama ya njano na Code 43.

Kulia flashi inasoma, mausi inafanya kazi. Inayokataa ni hadi diski ya nje ya inchi 2.5. Taa inawaka, naisikia ikianza kuzunguka, halafu inalia "tik, tik", inazima na kuanza upya. Diski hiyohiyo nikiipeleka kwenye kompyuta ya mezani inafunguka na mafaili yote yapo.

Nimeshawasha upya mara kadhaa, nimeweka masasisho yote, nimefuta draiva za USB zikajirudisha zenyewe. Hakuna kilichobadilika. Laptopu ilifunguliwa kusafishwa feni wiki chache kabla ya tatizo kuanza, kama hilo linasaidia. Fundi aliyeiangalia anasema mazabodi (bodi kuu) imeungua na ibadilishwe nzima. Kabla sijakubali, nawezaje kujua kwa uhakika kama ugonjwa uko kwenye draiva, kwenye porti au kwenye bodi?

---

lehemu_safi

Mkuu, usibadilishe mazabodi. Dalili ulizoandika zenyewe zinaikataa hukumu hiyo.

Porti ya USB 2.0 ina pini 4: moja ya volti 5, moja ya ardhi, na mbili za data zinazoitwa D+ na D-. USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, iliongeza pini 5 za mwendo kasi, zikawa 9. Umeme na data vinapita njia tofauti. Taa ya mausi inahitaji umeme tu, kwa hiyo kushoto umeme unafika na kilichokatika ni mazungumzo. Code 43 inasema hivyohivyo: kompyuta imehisi kuna kitu kimechomekwa, imekiuliza wewe ni nani, na jibu halikurudi au limerudi limeharibika. Kulia mambo yamegeuka: mazungumzo yapo, umeme ndio unaopungua diski inapoanza kuzunguka. Hayo ni magonjwa mawili, na ukiyatafutia dawa moja utazunguka sana.

Sasa utafute mpaka wa tatizo kabla ya kushika bisibisi.

Anza na kidhibiti cha USB kilichomo kwenye mazabodi. Fungua Device Manager, bonyeza "View", chagua "Devices by connection", kisha ufungue matawi mpaka uone "USB xHCI Host Controller". Kwenye laptopu nyingi kamera ya ndani na Bluetooth zinaning'inia hapohapo, maana nazo ni vifaa vya USB vilivyofungwa ndani. Kama zipo na zinafanya kazi, kidhibiti kizima. Halafu una porti ya kulia inayosoma flashi. Kidhibiti kikifa hakichagui upande.

Baada ya hapo iondoe Windows kwenye hesabu. Zima laptopu huku umeshikilia Shift unapobonyeza "Shut down", kwa sababu kuzima kwa kawaida kwenye Windows 10 huhifadhi hali ya draiva na kuirudisha ilivyokuwa. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha. Hilo humaliza chaji iliyobaki kwenye bodi, na mara chache linaponya porti iliyojifungia. Likishindikana, tengeneza flashi ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) inayowaka bila kusakinishwa, iwashe kupitia porti ya kulia, fungua terminal uandike:

`sudo dmesg -w`

Chomeka mausi kushoto, porti moja baada ya nyingine, usome kinachotokea. Fanya vivyo hivyo kwa flashi nyingine. Ukiona "device descriptor read/64, error -71", ishara za data zinafika zimevurugika. "error -110" ni muda umeisha bila jibu. "over-current" inamaanisha kuna mahali umeme unavuja kwenda ardhini, hapo acha kuchomeka chochote. Kimya kabisa huku taa ya kifaa inawaka ni waya wa data usiofika. Kama Linux inasoma kila kitu vizuri, basi kweli ni Windows, na hapo ndipo kushughulika na draiva kuna maana.

Jambo jingine. Tundu la spika za masikioni liko upande gani, na sauti inatoka vizuri masikio yote mawili? Jibu hilo usilisahau.

Kuhusu kufuta draiva, tahadhari kwa wanaopitia uzi huu: kwenye baadhi ya laptopu kibodi na padi ya ndani navyo vimeunganishwa kwa USB. Ukifuta kidhibiti chote unaweza kubaki huna cha kubonyezea mpaka uzime kwa kitufe.

---

tundu_tisa

Upande wa data umeshaelezwa, acha nije kwenye diski.

Porti ya USB 2.0 inatakiwa kutoa miliampea 500, ya USB 3.0 miliampea 900. Diski ya inchi 2.5 ikishashika mwendo hula kidogo, lakini mota inapoanza kuzungusha sahani inaweza kudai karibu ampea 1 kwa sekunde moja au mbili. Volti ikishuka wakati huo, sahani hazifikii mwendo, vichwa vya kusomea vinarudishwa kwenye maegesho, mzunguko unaanza upya. Hiyo "tik" ndiyo sauti ya vichwa vikirudi. Diski yako inaonekana nzima, ina njaa.

Kabla ya kuilaumu porti, angalia kebo. Watu wengi hawaamini kebo inaweza kufanya hivi, kwa hiyo nawawekea hesabu. Waya wa umeme wa ukubwa wa 28 AWG (kipimo cha unene wa waya, namba ikiwa ndogo waya ni mnene) una ukinzani wa karibu omu 0.21 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita 1 ni omu 0.42. Ukipitisha ampea 0.9 unapoteza volti 0.38 njiani. Porti ikitoa 4.9, diski inapata 4.52, na bado hujahesabu upotevu kwenye pini zenye uchafu. Waya wa 24 AWG una omu 0.084 hivi kwa mita. Kwa kebo ya urefu uleule unapoteza volti 0.15 tu. Ukubwa huo mara nyingi umechapishwa kwenye ganda la kebo, utafute kwa tochi. Kwa hadi diski ya nje kebo fupi ya sentimita 30 hadi 50 ndiyo salama.

Fanya hivi: tumia kebo fupi nene, chomeka moja kwa moja bila kiunganishi chochote katikati, laptopu ikiwa kwenye chaja. Kama una kipimo kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya porti na kebo, soma volti diski inapoanza. Ikibaki juu ya 4.75 pale kwenye porti na diski bado inalia, tatizo ni kebo au diski. Ikishuka chini ya hapo, porti ndiyo dhaifu. Kipimo chenyewe kinaongeza ukinzani kidogo, kizingatie.

Ikithibitika ni porti, habu (kifaa cha kugawa porti moja ziwe nyingi) yenye chaja yake inamaliza kazi, kwa kuwa diski itakula kutoka kwenye chaja ya habu na laptopu itabaki na data tu. Ila chagua habu nzuri. Zile hafifu husukuma volti 5 kurudi ndani ya laptopu. Dalili yake ni taa ya laptopu kuwaka hafifu au feni kutikisika ukiwa umeizima kabisa na habu bado imechomekwa. Ukiona hivyo, ichomoe na usiirudie.

Na tafadhali mkuu, usiendelee kuijaribu porti ileile mara ishirini. Kila ikikatwa umeme katikati ya mwendo vichwa vinarudi kwa dharura. Nakili data yako kwanza ukiwa kwenye kompyuta ya mezani, majaribio baadaye. Windows ikikuletea kidirisha cha "Initialize Disk", bonyeza "Cancel". Kidirisha hicho kinatokea pia pale diski ilipojitambulisha nusunusu, na ukikubali unaandika jedwali jipya juu ya lile lenye mafaili yako.

---

kibodi_kimya

Wakuu samahani kuingilia. Kwangu mausi na printa zinafanya kazi porti zote, flashi na diski zote ndizo hazitokei, hata zilizo nzima. Ni laptopu iliyokuwa ya ofisi. Nayo ni porti?

---

tundu_tisa

Hapana ndugu, porti ikipitisha mausi na printa imeshajitetea. Uhifadhi wa USB umezimwa kwa makusudi, ofisi nyingi hufanya hivyo. Fungua regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows), nenda `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\USBSTOR`, angalia "Start". Ikiwa 4 imezimwa. Weka 3, washa upya. Ikijirudisha 4 yenyewe, kuna sera inayoilazimisha, na kama laptopu bado ni mali ya ofisi zungumza na watu wa mifumo badala ya kupambana nayo. Angalia na BIOS pia (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), baadhi zina sehemu ya kufunga porti.

Kama flashi inaonekana kwenye Disk Management lakini haina herufi, hiyo ni rahisi zaidi: bonyeza kulia juu yake, "Change Drive Letter and Paths", mpe herufi ambayo haijatumika.

---

mpakato_15

Nimerudi na majibu.

Kamera na Bluetooth zipo chini ya kidhibiti na zinafanya kazi. Kuzima kwa Shift na kushikilia kitufe sekunde 30 hakukusaidia.

Linux kutoka porti ya kulia imewaka. Kushoto kuna tofauti ambayo sikuiona kwenye Windows. Porti ya mbele: flashi inaleta "error -71" mara kadhaa kisha "unable to enumerate USB device", lakini mausi haileti mstari wowote, kimya. Porti ya nyuma: vyote viwili kimya, ingawa taa zinawaka.

Tundu la spika za masikioni liko kushoto hukohuko. Sauti inatoka sikio moja tu. Nilikuwa nadhani spika ndizo zimekufa.

Diski: kwa kebo fupi ya sentimita 30 imefunguka kwenye porti ya kulia. Kebo ya mwanzo ilikuwa ya mita 1 na imeandikwa 28AWG. Asante sana tundu_tisa, data nimeshainakili.

---

lehemu_safi

Basi mpaka umepatikana, na umeupata bila kufungua hata skrubu.

Iangalie hiyo tofauti ya porti ya mbele. Kifaa cha USB hujitangaza kwa kuinua mstari mmoja wa data kuelekea volti 3.3. Flashi huinua D+. Mausi nyingi za kawaida, zile za mwendo wa chini wa megabiti 1.5 kwa sekunde, huinua D-. Kwako flashi inahisiwa lakini haieleweki, na mausi haihisiwi kabisa. Maana yake D+ inafika, D- haifiki. Porti ya nyuma zimepotea zote mbili. Ongeza sikio moja la sauti lililopotea. Mistari mitatu ya data na mmoja wa sauti kufa pamoja huku umeme umebaki: hakuna kitu kinachoungua kwa mpangilio huo. Huo ni utepe uliokaa upogo.

Porti za kushoto na tundu la sauti zimekaa kwenye bodi ndogo ya pembeni, imeunganishwa na mazabodi kwa utepe bapa. Aliyesafisha feni aliuchomoa, akaurudisha ukiwa umeinuka upande mmoja. Pini za upande huo hazigusi, za upande wa pili zinagusa.

Unavyofungua: zima kabisa, chomoa chaja, ondoa kifuniko cha chini, na kabla ya kitu kingine chochote chomoa plagi ya betri kutoka kwenye mazabodi. Sisitizo hapo. Utepe huu unabeba volti 5, na ukiuchezea ukiwa na umeme unaweza kuilaza mistari ya data juu ya volti 5, na hapo ndipo mazabodi itaungua kweli. Piga picha kabla hujagusa.

Soketi ya utepe ina kufuli. Nyingine zina kibawa chembamba kinachonyanyuka kama kope, nyingine zina mkanda wa plastiki unaovutwa nje milimita moja au mbili pande zote mbili. Tambua aina yako kwanza, maana kibawa kikivutwa kama droo kinavunjika na soketi imeharibika. Inua kufuli kwa ukucha au kijiti cha plastiki, vuta utepe sawasawa kwa kushika ile sehemu ngumu ya rangi mwishoni, ambayo mara nyingi ni ya bluu. Iangalie kwa tochi ncha yake: pini zinatakiwa kung'aa zikiwa zimenyooka. Ukiona iliyochubuka, iliyokunjika au yenye weusi, utepe ubadilishwe. Kama ni safi, ipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, subiri ikauke.

Rudisha ukiwa umenyooka mpaka ugonge mwisho. Mstari wa sehemu ngumu unatakiwa uwe sambamba na ukingo wa soketi kulia na kushoto. Ukiona mwanya upande mmoja, anza tena. Ndipo ufunge kufuli. Fanya hivyo ncha zote mbili, hata kama ya kwanza tu ndiyo ilikuwa imeinuka. Rudisha betri mwisho.

Ukilazimika kununua utepe, hesabu mambo manne: idadi ya pini, umbali kati ya pini, ambao mara nyingi ni milimita 0.5, urefu, na kama pini za ncha mbili zimeelekea uso mmoja au nyuso tofauti. La mwisho ndilo watu hukosea. Utepe wenye pini zilizogeuka unaingia vizuri kabisa na haufanyi kazi.

Kama utepe mzima umekaa vizuri na porti bado bubu, shika multimita, betri ikiwa imechomolewa. Weka kwenye alama ya dayodi, ncha nyekundu kwenye ganda la chuma la porti, nyeusi kwenye D+ kisha D-. Namba mbili hizo zinatakiwa zikaribiane, na zifanane na za porti ya kulia. Ukipata sifuri upande mmoja, dayodi ndogo ya kukinga umeme tuli iliyo nyuma ya porti imejifunga. Hiyo ni sehemu ndogo inayotolewa kwa hewa moto, na porti hufanya kazi bila hiyo mpaka ipatikane nyingine, ingawa inakuwa haina kinga. Ukipata OL (kipimo hakioni njia ya umeme) wakati ya kulia ina namba, kuna mahali pamekatika; pima kutoka pini ya porti hadi soketi ya utepe kwenye bodi ndogo. Katikati kuna koili ya kuchuja, hivyo omu chache ni sawa, usishtuke. Hatua hii mpe fundi mwenye darubini kama mkono wako haujazoea.

---

mpakato_15

Ilikuwa utepe mkuu. Upande wa mazabodi ulikuwa umeinuka kama milimita moja, kufuli limefungwa juu yake hivyohivyo. Nimeuchomoa, nimeusafisha, nimeurudisha ukiwa umenyooka. Porti zote mbili zinasoma mausi na flashi, na sauti imerudi masikio yote mawili. Nashukuru sana.

Swali dogo la mwisho. Kwenye `lsusb -t` (amri ya Linux inayoonyesha vifaa vya USB na mwendo wake) diski ikiwa porti ya nyuma inaonyesha 480M, ikiwa ya mbele inaonyesha 5000M. Zote zina ulimi wa bluu. Niache au nirekebishe?

---

lehemu_safi

480M ni mwendo wa USB 2.0. Zile pini 4 zinafika, za mwendo kasi bado hazigusi vizuri. Chomoa diski kwa utaratibu, uichomeke tena kwa mkupuo mmoja wa haraka. Ukiingiza polepole pini 4 huwahi kugusa, kompyuta ikaamua ni USB 2.0 kabla zile 5 hazijafika. Ikibaki 480M, zima laptopu, chomoa betri, safisha ulimi wa porti kwa brashi laini na isopropili, hasa ukingo wa mbele zilipo pini bapa za mwendo kasi. Bado? Rudi kwenye utepe wa bodi ndogo, ncha ile ya pili. Mistari ya mwendo kasi haivumilii hata mguso hafifu ambao USB 2.0 inauvumilia.

Ukiiacha hivyo hakuna kitakachoungua, kunakili tu ndiko kutachukua muda mrefu. Mausi iweke hiyo ya nyuma, diski iweke ya mbele. Ila kama mausi yako ni isiyo na waya, kipokeaji chake kiweke kulia, mbali na diski: USB 3.0 inapofanya kazi inatoa kelele za redio kwenye masafa ya GHz 2.4, na mshale utaanza kurukaruka kila unaponakili faili kubwa.